Sisibo na daftari lililofungwa
JICHO LA JUMAMOSI, na Kiplimo Were

Eldoret ilipewa jina hilo mwaka 1912 na kupandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, lakini wapo wenyeji wanaoendelea kuiita Sisibo, jina lililotoholewa kutoka matamshi ya Kiingereza ya 64, nambari ya shamba ambalo mji ulianzia. Tarakimu mbili za ramani ya walowezi zimedumu vinywani kwa zaidi ya karne, ilhali mkazi yuleyule huenda asiweze kutaja nambari ya simu ya mwenzake wa ndoa bila kuchungulia kioo cha simu. Tofauti haiko katika wingi wa tarakimu pekee, bali katika kazi zinayopewa: Sisibo hutajwa kila siku na imefungamana na mahali, ilhali nambari ya simu imekabidhiwa mashine, na akili haitunzi isichoombwa.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akabaini kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hutoweka katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa mahali pamoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliongeza jambo linalokera zaidi: wanafunzi waliojilazimisha kukumbuka matini bila kuitazama waliikumbuka vyema baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena, ingawa hao wa pili ndio waliojiamini zaidi.

Hapo ndipo wanapopotoka wanafunzi wengi wa vyuo vya hapa, ambao usiku wa kuamkia mtihani hupaka daftari zima rangi ya manjano, wakidhani kuwa maandishi yaliyozoewa na macho yamekwisha kuingia akilini. Kujijaribu, yaani kulifunga daftari na kuyaeleza yaliyomo kwa sauti, huchosha na huaibisha, na pengine ndiyo sababu hakupendwi. Mfugaji wa Uasin Gishu hufanya hivyo kila jioni bila kukuita mbinu: huwataja ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mama aliyewazaa, na aliyekosekana hugunduliwa kabla zizi halijafungwa.

Msomaji na alikunje gazeti hili sasa, kisha ataje mwaka wa kitabu cha Ebbinghaus.