Mbwa ni Najisi, Lakini Huruma Je?

Ndugu msomaji, usije ukalikunja gazeti kwa kuwa leo nataka kuzungumza juu ya mbwa. Mimi nami nimelelewa chuoni, kwa msahafu na bakora, na hukumu za tohara nilifundishwa kabla sijajua kuandika jina langu. Lakini nimerudi kutoka Kegonga na jambo lililonikaa moyoni, nalo ni jambo ambalo wengi wetu huku Pwani twalikwepa.

Kegonga ni mji mdogo wa Wakuria, katika Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya mahindi, tumbaku na ng'ombe. Na penye ng'ombe hapakosi mwizi wa ng'ombe. Kwa hivyo mbwa huko si pambo la nyumba. Ni askari wa zizi.

Nilikwenda kumtazama mzee mmoja tuliyejuana alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Nilimkuta uani amechutama, mikononi kavaa glavu za daktari, akimnywesha maji mbwa wake aitwaye Simba. Nilipopiga hodi akainua mkono.

"Usimkaribie, Sheikh. Jana kapigwa sindano ya saratani. Mkojo wake una sumu ya dawa."

"Sikuwa na nia ya kumkaribia," nikamjibu, "ila sababu yangu ni nyingine."

Tukacheka sote wawili, kisha akaniwekea kiti mbali kidogo, chini ya mti, akanieleza.

Simba alianza kutokwa na damu sehemu za siri. Mwenyewe alidhani ni jeraha. Daktari wa mifugo alipokuja alikuta uvimbe mfano wa koliflawa, akachukua chembe zake juu ya kioo, akazitazama kwa hadubini. Ni saratani ambayo mbwa huambukizana wanapopandana. Saratani nyingi hufa na mwenyewe. Hii chembe zake huhama zikiwa hai kutoka mwili hadi mwili. Wataalamu wamechunguza wakakuta kuwa uvimbe wote wa namna hii duniani umetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa yule amekufa zamani, maradhi yake yangali yanatembea. Mahali penye mbwa wengi wazururao bila mwenyewe, ndipo yanapostawi.

Lakini Mola hakuleta ugonjwa bila dawa. Dawa yake ni vinkristini, ipigwayo mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na mbwa walio wengi hupona kabisa. Shida ni ulinzi wake. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Hupunguza chembe nyeupe za damu, basi damu hupimwa kabla ya sindano. Kwa siku kadhaa choo na mkojo wa mbwa huondolewa kwa glavu, na watoto na wenye mimba hawamkaribii. Mzee yule alikuwa amemhamisha mkaza mwanawe mjamzito akalale nyumba ya pili, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa akifua matandiko ya mbwa.

Dawa hiyo, msomaji, twaijua sisi bila ya kuijua. Hutokana na mmea ule mdogo wa maua ya rangi ya waridi au meupe, uotao mchangani kando ya njia zetu na hata makaburini. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Watu walianza kuitibia saratani katika miaka ya 1960, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za watoto wenye saratani ya damu, na wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala. Uvimbe huo huonekana sana katika nchi za malaria, na nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria zimo.

Hapo ndipo penye mzizi wa maneno. Majirani walimcheka: ati mbuzi wawili wameuzwa ili mbwa apone! Mmoja akauliza bila kicheko: dawa ya mtoto apewe mbwa?

Swali hilo si la kupuuzwa. Kama chupa ingekuwa moja, na mtoto na mbwa wakawa wanaingoja, mtoto ndiye mwenye haki, wala hapana mjadala. Lakini mambo hayakuwa hivyo. Kumnyima mbwa wa Kegonga hakungemfikishia mtoto hata tone. Mtoto husaidiwa kwa hospitali yenye akiba ya dawa, kwa ugonjwa kutambuliwa mapema, kwa nauli ya mzazi wake. Anayemwonea uchungu mtoto aanzie hapo, asianzie kwa mbwa.

Mzee naye alinipa jawabu lake. "Wezi walikuja usiku," alisema. "Huyu alibweka mpaka nikatoka, wakakimbia. Ng'ombe wale ndio karo ya wajukuu wangu. Sasa yeye anaumwa, nimwambie nini?"

Nami sikuwa na la kumwambia. Nikajiuliza tungesema nini sisi wa Pwani. Najua tungesema, "Mbwa ni najisi." Naam, katika madhehebu yetu ya Kishafii chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ijapokuwa wanazuoni wa Kimaliki hawamhesabu mbwa aliye hai kuwa najisi. Lakini najisi ni hukumu ya kuosha, si ruhusa ya kupiga mawe. Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa mawindo ameruhusiwa kufugwa. Watu wa Pangoni tunaowasoma katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni. Na nani kati yetu hakusikia chuoni habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake?

Tazama basi alivyofanya mzee wa Kegonga, ambaye si Mwislamu. Alijikinga na mkojo wa mbwa, akavaa glavu, akanawa, akawatenga watu wa nyumbani. Na papo hapo akamuuguza. Kujikinga na kitu si kukichukia. Yeye kalijua hilo kwa ajili ya dawa. Sisi tulipaswa kulijua kwa ajili ya dini.

Wala si kweli kwamba sisi hatuna huruma kwa wanyama. Lamu pana hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na watu wanaipenda, kwa sababu punda ametubebea mawe na maji. Mbwa naye, kwa wenzetu wa bara, amebeba usiku.

Na hili si la mtu mmoja mmoja tu. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia hali zao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Mwaka 2014 Kenya iliweka mkakati wa kumaliza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na wataalamu husema sharti mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Siku ya chanjo mbwa akifikishwa, na uvimbe pia utaonekana. Akihasiwa, maambukizo yatapungua. Sumu na risasi, zilizokuwa dawa ya mabaraza ya miji kwa miaka mingi, hazikumaliza mbwa wala maradhi. Mombasa na Kilifi yatuhusu kama yanavyoihusu Migori, kwani mbwa wa mitaani kwetu wamejaa na mwenyewe hajulikani.

Nilipoondoka, Simba alikuwa amepata sindano ya nne, na uvimbe umenywea. Alinifuata kwa macho hadi njiani, akabweka mara moja. Nami nikamwombea, kimoyomoyo, kisha nikatunga beti hili nikiwa garini:

Usimnyime huruma, mlinzi wa mazizini,
Usiku akisimama, wewe uko kitandani,
Maji na udongo vyema, huondoa ya mwilini,
Moyo usio rehema, hauoshwi kisimani.