Vocha za Supamaketi Hazijazi Jiko

Kuna dada zetu walioolewa Uingereza, mpaka leo wanazililia vocha za kulinganisha bei. Sisi hatukubali! Asda ilitaka ununue vitu 8 tofauti, uingize risiti mtandaoni, ndipo upate vocha ya kukurudisha dukani kwao. Unafuata peni chache, unatoka na mifuko ya biskuti. Huo si uangalifu, ni israfu. Wenyewe waliziacha: Sainsbury's mwaka 2016, Asda 2018. Leo Tesco wanabandika kwamba bei yao ni sawa na ya Aldi. Basi si uende Aldi? Bibi harusi, pesa ya nyumba ni amana. Tazama kilichopungua jikoni, andika, nunua hicho, rudi. Baraka haimo kwenye vocha.