Mabano ya mjomba na pesa za korosho

Nimerudi kutoka Kusini. Nilipita Masasi, kisha nikapanda Makonde mpaka Newala. Wageni wengi wakifika Newala hukimbilia Shimo la Mungu kupiga picha. Mimi nilikwama barazani kwa mjomba, nikiwa na karatasi yake ya malipo ya korosho mkononi.

"Mpwa wangu, wewe umesoma," akaniambia. "Mnadani imekwenda 3,000 kwa kilo, makato 500. Nimepeleka kilo 100. Mbona nimepewa 250,000 na siyo 299,500?" (Namba nimezirahisisha ili tuelewane.)

Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za huku huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka chama cha msingi, mzigo huingia ghalani, wanunuzi hushindana mnadani. Makato mengi huhesabiwa kwa kila kilo. Kilo tuziite k, bei b, makato m. Malipo ni k(b − m). Weka namba mahali pa herufi: 100 × (3,000 − 500) = 250,000. Mjomba alisahau mabano, akakata 500 mara moja tu. Hakuna aliyemwibia, ila hasira yake ya shilingi 49,500 ilikuwa ya kweli kabisa.

Nikamtega: sasa hukupima kilo, una magunia g ya kilo 80, na mzani umetoa kilo 3 za unyevu na uchafu. Hapo k si namba tena, ni (80g − 3). Unaiweka nzima nzima, na mabano yake: (80g − 3)(b − m). Kwa magunia mawili ni 157 × 2,500 = 392,500. Yaache mabano uone: 160 − 3 × 2,500 = −7,340. Yaani korosho zimekwenda na wewe unadaiwa! Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu.

Mimi kidato cha tatu nilikariri f(x) = 2x + 3, tafuta f(5), kwa Kiingereza, bila kuambiwa x ni nani. Shule ya msingi tuliimba MAGAZIJUTO kwa Kiswahili, mabano yakiwa ya kwanza, lakini hakuna aliyetuonyesha kuwa ndani ya mabano kuna pesa za wazazi wetu. Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei za mnadani, Serikali ilitangaza 3,300 kwa kilo na nchi nzima ikaijua namba hiyo. Lakini bei ni herufi moja tu katika hesabu ya mkulima.

Najua kuna watakaosema siku hizi simu inapiga hesabu yenyewe. Sawa, lakini simu hupiga ulichoiandikia. Ukisahau mabano, itakukosea haraka zaidi.

Maoni yangu: mwalimu wa Masasi na Newala aanze somo hili na karatasi ya korosho, f(x) ifuate baadaye. Mtoto akirudi nyumbani amsomee mjomba wake karatasi, hapo hesabu itakuwa imefanya kazi.

Wadau mnasemaje? Ninyi mliambiwa x ni nani?