Afya nyumbani: Mahindi, majani na jamaa zao

Juma hili tunajibu swali ambalo wamama wengi wametuletea: kwa nini mtoto mmoja anapiga chafya karibu na mahindi, karibu na miwa, hata katika majani ya kiwanja cha mpira? Je, ana magonjwa matatu?

Hapana. Ana jambo moja tu: alerji ya chavua, yaani lile vumbi jepesi la maua. Mahindi, miwa, mtama, mpunga na majani ya porini ni ukoo mmoja. Ukoo huo una aina zaidi ya 10,000 duniani, na chavua yao hubebwa na upepo. Ndugu wa ukoo hufanana sura. Kinga ya mwili ni kama sentineli wa lupango: akishagombana na mtu mmoja, kesho atamfukuza na mdogo wake, kwa kuwa wanafanana.

Hapa Kasapa tunalima mahindi hata kando ya nyumba. Yanapotoa maua wakati wa mvua, majani ya njiani nayo yanachanua. Basi mtoto anakutana na ukoo mzima kwa mara moja.

Wengi wetu tunalaumu jakaranda, maana maua yake yanaonekana wazi mwezi wa tisa na wa kumi. Lakini chavua ya jakaranda hubebwa hasa na nyuki, hairuki sana na upepo. Majira hayo kuna pia vumbi la barabara na moshi wa moto wa porini, na hivyo vinawasha pua na macho. Msikate mti wa kivuli bure.

Kuna pia undugu wa mbali. Karibu mimea yote ina proteni moja inayoitwa profilini. Watu wengine wenye alerji ya chavua wanasikia mdomo na koo vikiwawasha wakila tikiti maji, ndizi au tomati mbichi. Profilini haivumilii moto, ndiyo maana tomati ileile ikipikwa katika mboga, mara nyingi haiwasumbui. Karanga si hivyo: alerji ya karanga haiondolewi na moto.

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa nguvu: msimwondolee mtoto chakula kwa kubahatisha. Kupiga chafya kwa chavua ya mahindi si sababu ya kuacha bukari. Kupiga chafya karibu na lenga-lenga iliyochanua si sababu ya kuacha mboga yake. Na vipimo vya alerji vikionyesha majina kumi, haina maana kwamba vitu vyote kumi vinamdhuru. Mara nyingine ni sura za jamaa tu ambazo kinga imezifananisha. Munganga atauliza: akila, au akipita pale, kunatokea nini? Jibu la mama lina uzito kama kipimo. Mtoto aliyenyimwa matunda, mboga na bukari anaweza kukonda kwa njaa, si kwa alerji.

Tufanye nini basi?

– Tuandike katika daftari: siku gani, alikuwa wapi, alikula nini, nini kilitokea.
– Mtoto mwenye alerji asitumwe kukata majani yaliyochanua. Akitoka shambani, anawe uso na abadilishe nguo.
– Majani ya lupango tuyakate kabla ya kuchanua.
– Nguo zake na mashuka tusianike karibu na mahindi yenye maua.

Alerji ya chavua inaleta chafya, kamasi nyepesi kama maji na macho ya kuwasha, lakini hailetei mwili joto. Mtoto akiwa na homa, tusiseme ni majani: apimwe malaria. Na akipumua kwa shida, kifua kikipiga filimbi, au midomo na ulimi vikivimba, tusingoje asubuhi wala tusijaribu dawa ya jirani. Ni lupitalo saa ileile.

Daftari hilo mlilete kwa munganga siku ya kupima mtoto. Anayejua kusoma amsaidie mwenzake kuandika. Juma jema kwenu nyote.