KABLA YA KUKEMEA, ULIZA



Leo nina jambo la kukiri kabla ya kufundisha.

Kuna dada wa kanisa letu, mhudumu wa mlangoni, mama wa watoto wawili. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake bila kutaja jina. Mwaka jana alinijia baada ya ibada akaniambia, "Pasta, usiku nikishalala kama saa moja au mbili hivi, naamka moyo unapiga mbio kama mtu aliyekimbizwa. Pumzi hainitoshi. Nikiketi karibu na dirisha inatulia. Siku hizi nalala nimekaa kwa kochi."

Mnajua nilimjibu nini? "Dada, Mungu anakuamsha uombe. Hiyo ni zamu yako ya kesha."

Hali ilipozidi, nikabadilisha maneno. Nikasema ni vita. Tukamwekea mikono, tukakemea roho ya mauti, nikamwambia afunge siku tatu. Akafunga. Mtu ambaye hapati pumzi akakaa bila chakula kwa sababu mchungaji wake amesema.

Katika hayo yote, mpendwa, sikumuuliza swali hata moja.

Aliyemuuliza ni muuguzi wa zahanati, siku alipompeleka mtoto chanjo. Alimwona akihema baada ya kutembea hatua chache, akamketisha. Ilianza lini? Unalalia mito mingapi? Miguu inavimba jioni? Unakohoa usiku? Ukiwa mtoto ulikuwa unaumwa na koo mara kwa mara? Akampima presha na mapigo ya moyo, akamwandikia barua aende hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo. Kule walipopiga picha ya moyo, wakaona vali moja imebana, haifunguki vizuri.

Nilikaa na daktari wake akanieleza polepole. Mtoto akiumwa koo kwa sababu ya bakteria fulani na asitibiwe, wakati mwingine hufuata homa ya rumatiki, na homa hiyo huweza kuharibu vali za moyo. Madhara yake yanaweza kujificha miaka mingi. Kwa kina mama, mara nyingi hujitokeza wakati wa ujauzito, kwa maana moyo unabeba kazi zaidi. Na kwa nini usiku? Ukilala chali, damu iliyokuwa miguuni inarudi kifuani. Vali ikiwa imebana, damu inarundikana nyuma yake na maji yanavuja kwenye mapafu. Ukikaa, unapata nafuu.

Kumbe lile kochi lilikuwa dalili. Mimi nikaliita kesha.

Najua mtu atanijibu, "Pasta, kwani umepoa? Umeacha imani ya maombi?" Sijaacha. Fungua Marko 9. Baba analeta kijana anayesumbuliwa na pepo. Yesu, ambaye anajua yote, kabla ya kukemea anamuuliza yule baba jambo hilo limempata mwanawe tangu lini. Ona, hata pale ambapo shida ilikuwa pepo kweli, Bwana aliuliza kwanza. Sisi tumepata wapi haraka ya kumpita yeye?

Mwingine ataniletea yule mama aliyetokwa na damu, aliyemaliza mali yake kwa waganga bila kupona. Ni kweli. Lakini habari ile inatuonyesha nguvu za Yesu, haitupi sheria ya kukataa hospitali. Paulo alisafiri na Luka, na katika Wakolosai 4 anamtaja kuwa ni tabibu, tena kwa upendo. Na Hezekia, katika 2 Wafalme 20, alikwisha kuahidiwa na Mungu kwamba atapona, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu lake. Ahadi na dawa vilikaa chumba kimoja wala havikugombana.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kila moyo unaokimbia usiku una vali mbovu. Inaweza kuwa upungufu wa damu, hasa kwa mama anayetokwa na damu nyingi kila mwezi. Inaweza kuwa tezi ya shingo, pumu, presha, au sukari kushuka kwa mtu anayetumia dawa za kisukari. Kuna wanaokoroma hadi pumzi inakatika usingizini. Kuna vijana wetu wa muguka na vinywaji vya kuongeza nguvu. Na kuna mtu ambaye vipimo vyote ni safi, ila ana hofu: deni, ndoa, msiba ambao hajaulilia. Huyo naye ni mgonjwa wa kweli. Asiambiwe ana pepo, wala asiambiwe hana kitu. Lakini hutajua ni lipi kati ya hayo kwa kukisia ukiwa kitandani, wala mimi sitajua nikiwa madhabahuni.

Kwa hiyo naomba kanisa letu lifanye hivi. Ukisumbuliwa, andika: saa ngapi inaanza, ulikuwa umelalaje, ulikula au kunywa nini, nini kinakutuliza. Hesabu mapigo kwa dakika moja; mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Peleka karatasi hiyo kwa daktari. Lakini kifua kikiuma, ukizimia, midomo ikigeuka rangi, au pumzi ikikataa hata ukiwa umekaa, usingoje kupambazuke wala usimngoje pasta. Amsha jirani, tafuta gari, nenda. Utanipigia simu mkiwa njiani, nami nitaomba.

Na wachungaji wenzangu mnaosoma hapa: mtu akituambia hapumui, tuombe pamoja naye, kisha tumuulize ameenda hospitali lini. Tusimfungishe mgonjwa kabla hajapimwa. Tutatoa hesabu kwa ajili ya kondoo hawa.

Dada yetu yuko hai. Anameza dawa za kupunguza maji mwilini, anadungwa penisilini kila mwezi, na madaktari wanaangalia kama atahitaji kufanyiwa upasuaji. Tunaendelea kumwombea kila Jumatano. Nilienda kwake nyumbani nikamwomba msamaha mbele ya mume wake. Akanisamehe, kisha akasema, "Pasta, mimi sikukasirika. Ila nilikuwa nakungoja uniulize."

Neno hilo halijaniacha.

Leo usiandike "Amina" halafu upite. Kuna mtu nyumbani mwako analala kwa kochi. Muulize kwa nini.

Baba, tusamehe tulipojibu kabla ya kusikiliza. Utupe masikio. Katika jina la Yesu, Amina.