Hofu ya Muuguzi Kabla ya Zamu

Jioni muuguzi anavaa sare huku tumbo likimsokota. Hajafika wadini, lakini moyo unamwenda mbio: leo atakuwa na mwenzake au peke yake? Mama aliyetokwa damu mchana anaendeleaje?

Tusimwambie ajikaze tu. Hofu hii humpata hata mzoefu, pengine yeye zaidi, maana anajua kinachoweza kuharibika. Kula kabla ya kutoka nyumbani, kufika mapema na kumweleza mkongwe wa wadi yanayomtisha humsaidia. Lakini juhudi zake pekee hazitoshi: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa uchovu uliokithiri wa kazini hutokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Basi mwajiri naye anahusika.

Hapa Tabora tuna historia ya kujifunza. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliopita njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, walibishania uzito wa mzigo na posho kabla ya safari. Wakizidiwa, waliutua na kugoma. Muuguzi hawezi kumtua mgonjwa, ndiyo maana mzigo wake upimwe mapema.

Wauguzi wafawidhi wa hospitali za Kitete, Nkinga na Ndala, na wa vituo vyote vya mkoa: bandikeni ratiba mapema, simamieni makabidhiano ya zamu kitanda kwa kitanda, wala si kwa daftari pekee, na msimwache muuguzi mpya peke yake usiku. Nayo Serikali iharakishe ajira.