Chungu cha jibini na mkate wa asali

Katika vijiji vyetu wako watu wa namna mbili ambao kifo kimewaharibia maisha kabla hakijawafikia. Wa kwanza ni yule ambaye, tangu amzike rafiki yake, hacheki tena. Kila akikohoa anahesabu siku. Ukimkaribisha bao chini ya mwembe anajibu, “Bao la nini? Mimi ni mtu wa kuondoka.” Wa pili ni yule asemaye kwamba, kwa kuwa sote tutakufa, fedha ya kahawa na iishie kilabuni leo leo. Huyu anacheka sana, lakini watoto wake hawacheki. Ukiwatazama vizuri utaona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanakikimbia kifo, mmoja kwa kujifungia ndani, mwingine kwa kulewa.

Leo nawaletea habari za watu wawili wa kale ambao hawakukimbia.

Wa kwanza ni Mgiriki, jina lake Epicurus, aliyezaliwa katika kisiwa cha Samos mwaka 341 kabla ya Kristo. Mkisoma Matendo ya Mitume, sura ya 17, mtaona kwamba Mtakatifu Paulo alipofika Athene alikutana na Waepikureo. Hao walikuwa wafuasi wa mafundisho yake. Watu wengi husema kwamba Epicurus alifundisha ulafi. Sivyo. Alinunua bustani huko Athene akakaa na rafiki zake, na hata wanawake na watumwa walipokewa, jambo la ajabu kwa siku zile. Chakula chake cha kawaida kilikuwa mkate na maji. Imeandikwa kwamba alimwomba rafiki yake ampelekee chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka karamu awe nayo. Basi, anasa yake ndiyo hiyo!

Juu ya kifo alifundisha kwamba maadamu tu hai, kifo hakijafika. Nacho kikifika, hatutakuwapo kukisikia. Hapo sisi Wakristo tunaachana naye. Yeye alidhani kwamba mwili ukifa roho nayo hutawanyika, wala hakutazamia hukumu wala ufufuko. Lakini tusimcheke upesi. Mwaka 270 kabla ya Kristo, akiwa na umri wa miaka 72 hivi, alishikwa na ugonjwa wa mawe ya figo, wenye maumivu makali. Alipokaribia kufa alimwandikia rafiki yake kwamba furaha ya kukumbuka mazungumzo yao ya zamani inayashinda maumivu yale. Tena akamwomba awatunze watoto wa rafiki mwingine aliyekwisha kufa. Ikiwa mtu asiye na tumaini la mbingu aliweza kufa hivyo, mbona sisi wenye tumaini tunatetemeka hata kulitaja neno lenyewe?

Wa pili mnamjua: Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Huyu alifunga sana, akavaa matambara, akalala chini. Mwaka 1226 alikuwa karibu kuwa kipofu, na mwili wake umekwisha kwa magonjwa. Alipojua kwamba hataishi siku nyingi, aliongeza ubeti katika wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya viumbe, akakiita kifo dada yake.

Hayo wengi wameyasikia. Lakini wachache wamesikia habari ya mkate mtamu. Huko Roma aliishi mjane mmoja, Bibi Jacopa, rafiki mkubwa wa Fransisko. Fransisko alipomtembelea, bibi huyu alizoea kumtengenezea mkate mtamu wa lozi na asali. Sasa, akiwa kitandani pa kufa, Fransisko aliagiza aandikiwe barua, aje na nguo ya maziko, na mishumaa, na tena ule mkate mtamu! Ndugu zake walisimulia kwamba kabla barua haijapelekwa, bibi alikuwa amekwisha fika mlangoni, navyo vitu vyote anavyo. Mgonjwa alionja kidogo tu, maana hakuweza kula, akakumbuka kwamba Ndugu Bernardo angeupenda mkate ule. Akafa tarehe 3 Oktoba jioni.

Tazameni basi. Sanda na mkate wa asali vilifika katika mfuko mmoja. Fransisko hakuona aibu kutamani kitu kitamu, wala hakuiogopa sanda. Utamu ulikuwa zawadi ya Mungu, nacho kifo kilikuwa njia ya kumwendea Mungu huyo huyo.

Haya yatufundishe nini majumbani mwetu?

Kwanza, tuwaangalie wazee wetu wagonjwa. Mara nyingi nyumba ya mgonjwa hugeuka kuwa matanga kabla ya msiba. Watoto wanafukuzwa wasicheze, na majirani wananong’ona mlangoni. Mzee anasikia yote. Kumbe yeye anatamani kuota jua la asubuhi, kuwasikia wajukuu wakigombea kikombe, kuonja maziwa ya mgando. Kama mganga wa zahanati hakukataza, mpeni. Muulizeni, “Baba, leo unatamani nini?” Swali hilo halimwui mtu.

Pili, msiogope kumwita padre. Wako wanaosema, “Tukimwita, mgonjwa atajua kwamba anakufa.” Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita alitengeneza upya ibada ya Mpako wa Wagonjwa, na Kanisa lafundisha wazi kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Ni ya kila muumini mwenye ugonjwa mkubwa au aliyedhoofika kwa uzee, nayo huleta nguvu na faraja. Mwenye kungoja mpaka pumzi ya mwisho anamnyima mgonjwa faraja hiyo.

Tatu, sisi wazima tutengeneze mambo yetu. Mara nyingi hofu ya kifo ni hofu ya mambo tuliyoyaacha bila kuyamaliza: deni la jirani, mpaka wa shamba ambao watoto hawaujui, ndugu tuliyegombana naye miaka mitano. Epicurus aliacha wosia, na ndani yake akawapa uhuru baadhi ya watumwa wake. Nawe lipa deni, onyesha mpaka mbele ya mashahidi, mwendee ndugu yako, ungama. Ukifanya hivyo utaona kwamba hata muhogo wa kuchoma una ladha nyingine.

Sisemi kwamba hatutaogopa kamwe. Kuogopa si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alihuzunika sana kule Getsemani. Lakini kumbukeni kwamba usiku ule ule, kabla ya kwenda bustanini, aliketi mezani na rafiki zake. Alijua yatakayompata, akala nao.

Basi jioni ya leo, mama akipakua, msile kimya kama watu waliofiwa. Mshukuruni Mungu, ongeeni, chekeni. Na yule mzee wa bao asiyetoka tena nyumbani, mpelekeeni bao lake mlangoni.